Mkesha wa Noeli katika Nchi ya Wapolandi

Mwezi wa Desemba jua la nchi ya Poland huchwa mapema mno. Katika mji wa Warsaw, tarehe 24, hutua yapata saa tisa na nusu ya alasiri, wakati ambapo mkulima wa Nyeri au wa Kakamega bado yumo shambani na karani hajafunga faili zake. Mchana mzima haufiki saa nane. Ardhi huwa ngumu kwa baridi, plau zimekwisha wekwa chini ya paa, na ng'ombe wamo zizini wakila majani makavu yaliyokatwa wakati wa joto. Katika giza hilo ndimo Wapolandi wafanyamo sikukuu yao ipendwayo kupita zote, nayo si siku ya Noeli yenyewe, bali ni jioni ya kuamkia Noeli. Kwa lugha yao huitwa Wigilia, maana yake ni mkesha.

Kutwa siku hiyo desturi ni kutokula nyama, na wengi hawali kitu cha haja mpaka usiku uingie. Watoto husimama dirishani wakitazama mbinguni, kwa kuwa haifai mtu kuketi mezani kabla nyota ya kwanza haijaonekana. Nyota hiyo ni ukumbusho wa ile iliyowaongoza Mamajusi hata Bethlehemu. Mbingu ikifunikwa na mawingu, kama ilivyo kawaida ya majira yale, baba wa nyumba hukata shauri mwenyewe kwamba nyota imetoka, maana supu nayo hupoa.

Meza hutandikwa kitambaa cheupe, na chini ya kitambaa hutiwa nyasi kavu kidogo, kwa kukumbuka hori alimolazwa Mtoto. Zamani wasichana walichomoa jani moja moja kutoka chini ya kitambaa: aliyepata jani la kijani ataolewa upesi, na aliyepata lililonyauka hana budi kungoja. Mashambani desturi ilikuwa kubwa zaidi. Mkulima alileta nyumbani miganda ya nafaka, ya ngano na ya ile nafaka iitwayo rai ambayo Wapolandi huifanyia mkate mweusi, akaisimamisha katika pembe za chumba. Hivyo mavuno ya mwaka uliopita yalihudhuria karamu pamoja na watu.

Majani ya miganda hayakutupwa. Baadhi walipewa wanyama, na mengine yalifungwa kiunoni mwa miti ya matunda ili izae vyema. Katika vijiji vingi ilikuwapo pia hila moja ambayo huenda ikamchekesha mkulima wa kwetu mwenye mchungwa mvivu. Baba alitoka usiku na shoka mkononi, akausogelea mti usiozaa, akauuliza kwa sauti kali kama utazaa au ukatwe. Mtu wa pili, aliyesimama nyuma ya mti, alijibu kwa niaba yake kwamba utazaa. Basi mti ulisamehewa mwaka mmoja. Bwana Shamba hatalisifu shauri hilo mbele ya samadi na kupogoa, lakini laonyesha jinsi wakulima wale walivyoihesabu miti na mifugo yao kuwa watu wa nyumbani, wenye haki ya kupewa habari za sikukuu. Hata leo husimuliwa kwamba saa sita ya usiku huo wanyama hupewa uwezo wa kunena kama wanadamu. Wazee huwaonya watoto wasiende zizini kusikiliza, maana si vema kuyasikia yote ambayo ng'ombe angependa kusema juu ya bwana wake.

Vyakula vya mezani desturi yake ni kumi na viwili, kwa idadi ya Mitume, wala hamna nyama hata kimoja. Kuna supu nyekundu ya bitiruti, kuna vidonge vya unga wa ngano vilivyotiwa kabichi na uyoga ndani, mfano wa sambusa zilizochemshwa badala ya kukaangwa, na kuna samaki wa chumvi. Watu wa upande wa mashariki hawakosi kutia ngano iliyochemshwa, ikachanganywa na asali na mbegu ndogo za mpopi. Samaki aliye mashuhuri ni karpi afugwaye mabwawani. Baada ya Vita Kuu ya Pili, samaki huyo alipokuwa ndiye apatikanaye kwa wepesi, watu wengi wa mijini walimnunua akiwa hai siku chache kabla ya sikukuu, wakamweka katika bafu la kuogea. Jamaa hawakuoga, na watoto walimpa samaki jina. Taabu ilikuja siku ya kumchinja.

Lakini kabla ya chakula hicho kuguswa, liko jambo moja ambalo Wapolandi hulithamini kuliko vyote. Baba, au aliye mkubwa wa nyumba, huchukua mkate mweupe usiotiwa chachu, mwembamba kama karatasi, uliopigwa chapa ya picha za kuzaliwa kwa Yesu. Kila mtu hupewa kipande chake. Kisha hawali mara moja. Mmoja humwendea mwenziwe, humega kidogo katika kipande cha mwenziwe, na mwenziwe humega katika chake, kila mmoja akimtakia mwingine heri kwa jina. Yampasa mtu kuwaendea wote waliomo chumbani, hata yule ambaye hawakusemezana naye tangu shamba lilipogawanywa. Ndugu waliogombana husimama uso kwa uso na mkate mkononi. Hapo ni vigumu kukataa, na wengi hutoa machozi. Wengine huupeleka mkate huo kwa posta hata kwa jamaa walio ng'ambo, ndani ya barua. Mashambani mifugo nayo ilimegewa, mara nyingi katika mkate uliotiwa rangi.

Mezani pia hutengwa sahani moja zaidi ya hesabu ya watu, na kiti chake. Ni mahali pa mgeni asiyetazamiwa, kwa kuwa usiku huo haifai mtu yeyote kufukuzwa mlangoni. Ni mahali pia pa aliyekufa au aliye mbali. Kwa taifa lile kiti hicho hakikuwa pambo tu. Tangu mwaka 1795 hata 1918, miaka 123, Poland haikuwamo katika ramani. Warusi, Waprusia na Waaustria waliigawana. Wengi walioasi walipelekwa Siberia, na nyumba nyingi zilijua kiti kile ni cha nani. Serikali za kigeni zilitawala shule na ofisi, lakini mezani usiku wa Wigilia nyimbo zilikuwa za Kipolandi.

Msiba ulirudi. Usiku wa tarehe 10 Februari 1940 askari wa Urusi walianza kuwatoa watu katika majumba yao mashariki ya Poland, wakawapakia katika magari-moshi ya mizigo, wakawapeleka kaskazini na Siberia kufanya kazi ya kukata miti. Waliochukuliwa hivyo mwaka ule na mwaka uliofuata walikuwa mamia ya maelfu, na wengi walikufa kwa njaa na baridi. Mwaka 1942 baadhi yao waliruhusiwa kutoka kupitia Uajemi, na kutoka huko zaidi ya 15,000, wengi wakiwa wanawake na watoto, waliletwa Afrika kwa meli. Walikaa Tengeru karibu na Arusha, Koja na Masindi katika Uganda, na mahali pengine pengi. Kenya nayo ilikuwa na vituo vidogo, kama vile Makindu na Rongai. Tengeru ndiyo ilikuwa kambi kubwa, yenye watu karibu 5,000, wakikaa katika nyumba za duara chini ya Mlima Meru.

Huko Desemba haina theluji, na nyota ya kwanza haionekani mpaka karibu saa moja ya usiku. Watoto waliokuwa wamezaliwa penye mashamba ya rai sasa waliishi kati ya migomba na kahawa. Tena vita vilipokwisha mwaka 1945, wengi wao hawakuwa na pa kurudi, maana sehemu ile ya nchi yao ilitiwa chini ya Urusi. Wengine walirudi Poland katika mipaka yake mipya. Wengi walikwenda Uingereza, Kanada na Australia. Karibu na Masindi, kanisa walilolijenga kwa mikono yao bado lasimama, na wenyeji husali humo.

Katika Poland yenyewe desturi hazikufa. Huko Kraków, ambako waashi wa karne ya kumi na tisa walikosa kazi ya ujenzi wakati wa baridi wakatengeneza vibanda vya Noeli vyenye minara kama makanisa ya mji, mashindano ya vibanda hivyo yalianzishwa mwaka 1937 na bado hufanywa uwanjani kila Desemba. Mwaka 2018 ufundi huo uliandikwa na UNESCO miongoni mwa urithi wa wanadamu. Na tangu mwaka 2025 sheria imeifanya tarehe 24 kuwa siku ya mapumziko. Kabla ya hapo karani wa Warsaw alipaswa kwenda ofisini asubuhi, akakimbilia nyumbani adhuhuri kuisaidia jikoni mke wake, jambo ambalo wake walisema lilikuwa msaada mdogo.

Tengeru yamebaki makaburi karibu 150 ndani ya ua, yenye majina ambayo mpita njia wa Arusha hawezi kuyatamka kwa urahisi. Wamo wazee waliotoka Siberia, na wamo watoto wachanga waliozaliwa kambini, ambao hawakuiona Poland hata siku moja.