Kazi ya konsilta: nani anabeba hasara pesa ikikatika?

Huko Goma, Bukavu, Bunia ao Kalemie, kijana mwenye kumaliza chuo kikuu mara nyingi anaitwa kwanza na biro ya konsilta, mbele ya serikali ao shirika lolote. Wanamwambia: iko kazi ya siku 10, uwe na simu nzuri, formasio ni kesho asubuhi. Anakubali. Nani atakataa?

Biro hizi zinaishi na kazi ambayo wengine wanaagiza. Shirika limepata pesa za mradi wa maji, wa shule ao wa wakimbizi. Mwenye kutoa pesa anataka kujua kama mradi ulizaa matunda, na hapendi shirika lijipe pointi lenyewe. Basi shirika linatoa TDR, biro zinashindana, moja inapata soko. Biro inatafuta supervizeri, supervizeri anatafuta waanketeri, na hao njo wanapanda moto mpaka kijijini, wanauliza maswali nyumba kwa nyumba na kujaza majibu katika KoboCollect. Pesa ikifika kwa yule wa mwisho, imekwisha kupita katika mikono mingi.

Faida iko, na si kidogo. Mwaka mmoja tu, mtu anaweza kugusa chakula cha watoto, migogoro ya mashamba na biashara ya mpakani. Anajifunza kuchagua nyumba za kuuliza bila upendeleo, kusafisha data, kuandika ripoti, na hata kungojea mama ambaye hataki kusema mbele ya bwana yake. Hiyo ya mwisho haifundishwe kwenye auditorio. Anajua njia za Masisi, Kalehe ao Djugu kupita watu wengi wa ofisini. Na hesabu ya siku moja mara nyingi inapita ile ya mwalimu wa shule ya msingi.

Lakini siku 10 zinaisha. Kisha ni kungojea. Biro nyingi zinalipa kipande cha mwisho kiisha ripoti kukubaliwa na shirika, na shirika linaweza kurudisha ripoti mara mbili, tatu. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Marekani ilisimamisha pesa za USAID, miradi ikafungwa katikati, na anketi zake zikaanguka pamoja nayo. Mwezi ule ule wa kwanza M23 iliingia Goma, mabanki yakafunga milango, watu wakabaki kutegemea pesa za simu.

Iko pia hatari ya njiani. Mtu mugeni mwenye kuuliza nani ana ng’ombe ngapi na nani anaishi wapi, kwenye vita anaonekana haraka kama mupelelezi. Na wakilipa kwa hesabu ya fishi, jaribu la kukaa chini ya muti na kuzijaza mwenyewe linakuwa karibu sana.

Jambo ambalo wengi wanasaini bila kusoma ni lile neno « konsilta » lenyewe. Kwa mwenye mkataba wa kazi, CNSS inapokea asilimia 18 ya mushahara: mwajiri anatoa 13, mfanyakazi 5. Kwa dola 400, hiyo ni dola 72 kila mwezi kwa pensheni, posho za familia na ajali za kazi. Konsilta mwenye mkataba wa huduma halipiwi kitu na biro. Moto ikianguka njiani, hospitali ni juu yake.

Sheria ya kazi ya 2002 haiangalie jina tu. Inasema mfanyakazi ni yule anayefanya kazi kwa malipo chini ya uongozi na mamlaka ya mwingine. Mtu ambaye biro inamupangia saa, njia, simu na mukubwa wa kumusimamia kila siku, ni vigumu kusema yeye anajitegemea. Sheria hiyo inaongeza: aliyeajiriwa siku kwa siku, akiisha kufanya siku 22 ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena mbele ya miezi hiyo kuisha, mkataba wake unahesabiwa kuwa usio na mwisho. Biro zinajua hesabu hiyo. Waanketeri wengi hapana.

Ugomvi ukitokea, unaanza kwa inspekta wa kazi, anayejaribu kupatanisha. Bila hatua hiyo tribinali haipokee kesi. Pale vita vimevuruga ofisi, karatasi zinangojea: mkataba, orodha ya siku, mesaji za supervizeri, risiti za pesa za simu. Mbele ya kupanda moto, maswali matatu yanatosha, na yajibiwe kwa maandishi: malipo yatatoka siku gani kama ripoti itarudishwa, nani atalipa hospitali, na nani atamutoa anketeri kijijini kama risasi zitaanza kulia.