UZI: "Ulaya wana sheria moja, sisi tunashindwa nini?"

1/ Kila mjadala wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ukianza hapa, lazima mtu aseme hivyo. Hata mimi nilisema darasani mwaka wa kwanza. Mhadhiri akaniuliza, "Sheria gani hiyo?" Nikakwama. Basi leo tuangalie sheria moja tu: ya kampuni binafsi.

2/ Kampuni binafsi ni ile ambayo hisa zake haziuzwi kwenye soko la hisa, na kwa kawaida ikianguka mwenyewe anapoteza alichowekeza, si nyumba yake. Umoja wa Ulaya una nchi 27, soko moja, na nyingi zinatumia sarafu moja. Lakini kampuni hii bado inaandikishwa kwa sheria ya kila nchi.

3/ Chukua mtaji. Ujerumani, kampuni ya kawaida ya aina hii (GmbH, sheria yake ni ya 1892) inataka yuro 25,000, na angalau nusu iwe imelipwa kabla ya kuandikishwa. Uholanzi walikuwa na kiwango cha yuro 18,000, wakakiondoa 2012. Ireland hawana kiwango chochote.

4/ Wajerumani wanasema hiyo pesa inawakinga wanaokudai na inaonyesha hujaja kucheza. Wapinzani wanasema inamfungia nje kijana mwenye wazo bila pesa. Tena inaruhusiwa kutumika kwenye biashara, kwa hivyo siku ya kuanguka huenda haipo.

5/ Sasa utamu. Miaka ya 90, wanandoa wa Denmark waliona kwao mtaji ni krona 200,000. Wakaandikisha kampuni Uingereza (ilikuwa bado mwanachama) kwa pauni 100, halafu wakaomba kufungua tawi Denmark. Uingereza yenyewe kampuni haikufanya biashara yoyote. Denmark ikakataa, ati huo ni ujanja wa kukwepa sheria.

6/ Machi 1999 Mahakama ya Umoja wa Ulaya ikaamua: kuchagua nchi yenye masharti nafuu peke yake si ulaghai. Waandikishwe. Hiyo ndiyo kesi ya Centros.

7/ Baada ya hapo Wajerumani wengi wakaenda kuandikisha kampuni Uingereza. Mwaka 2008 Ujerumani ikaleta kampuni ndogo inayoanza na yuro 1, ila kila mwaka robo ya faida iwekwe akiba hadi ifike 25,000. Umeona? Hakuna aliyewaamuru. Ushindani ndio uliwasukuma.

8/ Kwani hawakujaribu sheria moja? Walijaribu. Mwaka huohuo wa 2008 Tume ya Ulaya ilipendekeza kampuni binafsi ya Ulaya nzima, mtaji yuro 1. Ilihitaji kila nchi ikubali. Ikakwama 2011, baadaye ikaondolewa. Mwaka 2014 wakaleta pendekezo la kampuni ya mtu mmoja. Nalo likaondolewa 2018.

9/ Mtaji ulikuwa sehemu ya ugomvi, lakini pia kulikuwa na suala la wafanyakazi. Ujerumani, kampuni ikizidi wafanyakazi 500, theluthi ya viti vya bodi ya usimamizi ni vya wawakilishi wao. Ikizidi 2,000, ni nusu. Baadhi ya nchi nyingine hazina kitu kama hicho. Vyama vya wafanyakazi viliogopa kampuni iandikishwe huko, ifanye kazi Ujerumani, na viti vyao vipotee hivi hivi.

10/ Sasa wazo limerudi kwa jina "utaratibu wa 28": sheria 27 zibaki, iongezwe moja ya Ulaya ambayo mwenye kampuni anaweza kuichagua. Kwa anayetaka kukua nchi tano kwa haraka, ni nafuu kubwa. Lakini swali la viti vya wafanyakazi liko palepale.

11/ Turudi nyumbani. Itifaki yetu ya Soko la Pamoja, inayotumika tangu Julai 2010, inampa Mkenya haki ya kuanzisha biashara Uganda au Tanzania. Kwa hivyo mgombea akipanda jukwaani na kuahidi "tutaoanisha sheria", ngoja kwanza kabla ya kupiga makofi. Muulize: sheria gani, kwa kiwango cha nchi gani, na nani atapoteza kinga aliyo nayo leo?

Akikwama kama nilivyokwama mimi, angalau mimi nilikuwa mwaka wa kwanza.