Mshahara wa Kwanza: Faranga Zimekwenda Wapi?

Kijana wa Niemba, mkoani Tanganyika nchini Kongo (DRC), akipata kazi yenye mkataba, mara nyingi kazi hiyo iko Kalemie mjini: bohari ya shirika la misaada, hospitali ya binafsi, kampuni ya kusafirisha mizigo ziwani. Tuchukue mkataba unaosema faranga 800,000 kwa mwezi. Mwisho wa mwezi anahesabiwa 665,440. Nyumbani wanadhani anawaficha. Yeye anadhani mhasibu amemla. Huenda hakuna aliyemla mtu, lakini ni lazima ajue kusoma karatasi ya mshahara, na Kanuni ya Kazi ya 2002 inamlazimisha mwajiri kumpa karatasi hiyo kila anapomlipa.

Kwa mfanyakazi wa kampuni au shirika, sheria inakata mara mbili. Kwanza ni CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii ulioshika nafasi ya INSS baada ya sheria ya 15 Julai 2016. Wewe unatoa asilimia 5 kwa ajili ya pensheni, yaani faranga 40,000. Mwajiri anatoa asilimia 13 kutoka mfukoni mwake: 5 za pensheni, 6.5 za posho za familia, 1.5 za ajali na magonjwa ya kazini. Michango ya INPP, taasisi ya mafunzo ya kazi, na ONEM, ofisi ya ajira, pia ni mzigo wake. Ukiona majina hayo mawili upande wa makato yako, uliza siku hiyohiyo.

Pili ni kodi ya mshahara, IPR, ambayo mwajiri anaikata na kuipeleka DGI, idara kuu ya kodi, ndani ya siku 15 za mwezi unaofuata. Haikatwi juu ya 800,000, bali juu ya 760,000 zinazobaki baada ya CNSS. Kwa viwango vya 2024, faranga 162,000 za kwanza zinatozwa asilimia 3, yaani 4,860. Kutoka hapo hadi 1,800,000 ni asilimia 15. Kwa hiyo 598,000 zako zilizobaki zinatoa 89,700. Jumla ni 94,560. Wengi wanaogopa kuongezwa mshahara wakidhani kiwango kikubwa kitameza fedha zote. Hapana, kinagusa kile kipande cha juu tu. Sheria ya 2023 imeleta kodi mpya ya mapato, IRPP, kwa hiyo mwombe mhasibu akuonyeshe ni viwango gani anatumia mwaka huu.

Hapa ndipo watu wetu wanapoteza bila kujua. Kila mtu unayemlea kisheria, kama mke na watoto wasiooa wala kuolewa, anakupunguzia IPR kwa asilimia 2, mwisho watu 9. Mwenye mke na watoto wanne anapunguziwa asilimia 10, yaani faranga 9,456 kila mwezi. Kwa mwaka ni 113,472. Lakini mhasibu hahesabu watoto kwa maneno. Anataka cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa, na vijijini kwetu watoto wengi hawana. Kuandikisha mtoto ni bure ndani ya siku 90 tangu azaliwe. Ukichelewa, unaingia njia ya mahakama, na njia hiyo ni ndefu kwa mtu anayesubiri treni ya SNCC, shirika la reli, ili afike mjini. Ndoa ya kimila nayo iandikishwe kwa ofisa wa hali ya kiraia. Peleka karatasi hizo siku ya kusaini mkataba.

Siku hiyohiyo tazama pia jinsi mshahara ulivyogawanywa. Posho ya nyumba haitozwi IPR isipozidi asilimia 30 ya mshahara, na usafiri halisi hautozwi pia. Vyote vikifungwa pamoja kama mshahara mmoja, unalipa zaidi. Ila usishangilie mno posho kubwa na mshahara mdogo: Kanuni ya Kazi haiihesabu posho ya nyumba kuwa sehemu ya mshahara. Na kama unalipwa kwa dola, kodi inapigwa kwa faranga, kwa hiyo tazama kiwango cha kubadilisha kilichoandikwa.

Kinachoniumiza zaidi ni CNSS inayokatwa bila kufika. Kuna waajiri wanaokata asilimia 5 mwaka mzima na mfanyakazi hajaandikishwa kabisa. Huyo akifikia uzee, au akivunjika mguu akipakua magunia, mfuko haumjui. Kwa hiyo omba namba yako ya CNSS mwezi wa kwanza, kisha nenda nayo mwenyewe kwenye ofisi ya mfuko uulize kama michango yako imeingia. Ikiwa haimo, mwandikie mwajiri barua na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Asipojibu, ipeleke kwa mkaguzi wa kazi pamoja na karatasi za mshahara za miezi yote, hata ile ya mwezi wa kwanza.