Stelingi ya Land Rover kuukuu: Pima kwanza, ndipo ufungue mfuko

MSIMU wa mavuno unapofika katika vijiji vinavyoizunguka Ilembula, wilayani Wanging'ombe, gari lolote linaloweza kutembea lina thamani. Mahindi, maharage na alizeti vinatakiwa kutoka shambani hadi barabarani, na kutoka hapo hadi Makambako, mji ambako barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Mbeya inakutana na ile ya Njombe na Songea, na ambako pia kuna stesheni ya reli ya Tazara.

Mfanyabiashara mdogo asiyemudu Fuso hujikuta akitegemea pikapu ya zamani. Miongoni mwa hizo, Land Rover 109 bado ina heshima yake, kwa kuwa inapita kwenye njia mbovu na fundi wa kijijini anaijua. Lakini umri ni umri. Toleo la mwisho la magari hayo, Series III, lilianza kutengenezwa mwaka 1971 na kukoma mwaka 1985. Hivyo hata ile iliyo changa kuliko zote ina miaka 40 hivi.

Kitu kimoja kinachochoka na kuvumiliwa kwa muda mrefu ni stelingi. Dereva anazungusha usukani robo nzima kabla magurudumu hayajajibu, naye anasema gari "limezoea". Makala haya yanaeleza kwa nini mazoea hayo ni hasara, na jinsi mwenye gari anavyoweza kutengeneza bila kutupa fedha.

Nguvu inavyosafiri

Ili kujua pa kutengeneza, ni lazima kujua nguvu ya mkono wa dereva inapita wapi. Usukani umefungwa kwa nati juu ya shafti ndefu iliyo ndani ya bomba. Mwisho wa chini wa shafti hiyo una nyuzi nene kama za skrubu, ndani ya boksi la stelingi. Juu ya nyuzi hizo hutembea nati kubwa inayoelea kwenye gololi. Nati hiyo husukuma shafti fupi ya pembeni, na shafti fupi huchezesha mkono wa chuma ulio nje ya boksi.

Kutoka kwenye mkono huo, rodi inakwenda mbele hadi kiungo cha kati kilichozama ndani ya chesisi, sehemu ya mbele karibu na rejeta. Kutoka hapo rodi ya pili inakwenda kwenye gurudumu, na rodi ya tatu inaunganisha magurudumu mawili ya mbele. Kila rodi ina tairodi endi mbili, hivyo jumla ni sita. Mwisho kabisa kuna pini za juu na chini ambazo gurudumu huzungukia linapokata kona.

Kila mahali panapokutana chuma na chuma panaweza kulegea. Legevu ndogo katika sehemu nane au tisa zikijumlishwa zinakuwa robo ya usukani. Ndiyo maana kubadilisha kitu kimoja kwa kubahatisha mara nyingi hakuleti nafuu.

Pima kabla ya kufungua

Kipimo cha kwanza hakigharimu hata senti moja. Simamisha gari mahali tambarare, zima injini, magurudumu yawe chini. Mtu mmoja atikise usukani kidogo kushoto na kulia. Wa pili alale chini na kushika kila kiungo kimoja kimoja kwa kufuata njia ya nguvu. Panapoonekana upande mmoja unasogea na upande wa pili umetulia, hapo ndipo penye ugonjwa.

Aanze na boksi: je, shafti inageuka huku mkono wa nje umesimama? Aende kiungo cha kati: mkono wake wa juu na wa chini inaondoka pamoja? Kisha tairodi endi zote sita.

Baada ya hapo pandisha gurudumu kwa jeki, weka kigingi imara chini ya chesisi, ulishike gurudumu juu na chini na kulitikisa. Likicheza, mtu akanyage breki. Mchezo ukipotea, tatizo ni beringi za gurudumu. Ukibaki, tatizo ni zile pini za kuzungukia.

Mwisho, shika usukani na kuuvuta juu na kuusukuma chini. Ukipanda na kushuka, beringi za shafti zimelika au zimelegea. Andika uliyoyaona kwenye karatasi kabla ya kwenda dukani.

Skrubu isiyo dawa

Juu ya boksi la stelingi kuna skrubu ya kurekebisha. Ni kishawishi kikubwa, kwa kuwa ukiikaza, usukani unakuwa mgumu na mwenye gari anaridhika na kulipa. Tatizo ni kwamba boksi hulika zaidi pale katikati, kwa sababu gari hutembea muda mwingi likiwa limenyooka. Ukikaza hadi mchezo wa katikati uishe, pembeni ambako hakujalika kutabana. Dereva anakata kona, usukani haurudi wenyewe. Kwenye barabara ya vumbi yenye mteremko, hilo ni hatari kuliko ule mchezo wa mwanzo.

Skrubu hiyo ina kazi yake, lakini hurekebishwa magurudumu yakiwa yamenyooka, na baada ya viungo vingine vyote kuwa salama.

Kosa lingine ni kuacha boksi likiwa kavu. Linatakiwa kuwa na oili nzito ya gia, ile ya namba 90. Oili huvuja kupitia sili ya shafti fupi, na wengine huamua kujaza grisi ngumu ili isivuje. Grisi hiyo husukumwa pembeni na gololi, nayo hairudi tena. Kiungo cha kati nacho kinahitaji oili, na ndicho kinachosahauliwa kuliko vyote.

Ukifungua, maliza

Katika Land Rover 109, shafti na boksi ni kitu kimoja na hutoka pamoja. Hazifanani na Land Rover 110 iliyoingia mwaka 1983, ambayo shafti yake ina maungio na hutengana na boksi. Kwa hiyo kwenye 109 kazi kubwa ni kutoa na kurudisha. Gharama hiyo ya fundi ni ileile, ubadilishe sili moja au ubadilishe vyote. Ukishafungua, maliza.

Kabla ya kuchomoa mkono wa nje, fundi aweke alama ili urudi palepale. Auvute kwa kifaa cha kuvutia, asiugonge kwa nyundo. Ndani ya boksi akague nyuzi za shafti. Zikiwa laini, gololi mpya na beringi mpya zitafanya kazi. Zikiwa na vishimo, vipuri vipya vitaharibika mapema, na ni afadhali kutafuta shafti nyingine. Gololi hubadilishwa zote kwa pamoja, kwani mpya ikichanganywa na iliyolika, mzigo wote huangukia ile mpya. Mchezo wa juu na chini huondolewa kwa kupunguza washa nyembamba zilizo chini ya kifuniko, hadi shafti isipande wala kushuka lakini bado izunguke kwa wepesi.

Kiungo cha kati kina springi iliyobanwa kwa nguvu nyingi. Asiyekijua asikifungue, maana springi hiyo inaweza kumjeruhi vibaya.

Na jambo moja lisijadiliwe: usichomelee sehemu yoyote ya stelingi. Moto wa kuchomelea huharibu ugumu wa chuma, nacho huweza kukatika ghafla bila dalili.

Mwisho pima mlalo wa magurudumu. Umbali kati ya magurudumu kwa mbele unatakiwa kuwa mdogo kuliko kwa nyuma kwa milimita 1.2 hadi 2.4.

Hesabu ya fedha

Tuchukue mfano, na kila mmoja aweke bei zake. Tuseme matairi mawili ya mbele ni Sh700,000. Stelingi ikiwa nzima yanadumu miezi 24, ikiwa mbovu miezi 12. Hasara ya tairi kwa mwaka ni Sh350,000. Ongeza siku sita za msimu ambazo gari lililala gereji au mwenye mzigo alikataa kupakia, kila siku faida ya Sh40,000. Hizo ni Sh240,000. Jumla ni Sh590,000 kwa mwaka.

Upande wa matengenezo, tairodi endi sita kwa Sh35,000 kila moja ni Sh210,000. Beringi, gololi na sili tuseme Sh180,000, na fundi Sh250,000. Jumla ni Sh640,000. Fedha hiyo inarudi ndani ya miezi 13 hivi, na hapo hatujahesabu uhai wa mtu. Kwa lugha ya uchumi, mwenye stelingi mbovu analipia matengenezo kila mwaka bila kuyapata.

Wakati mzuri wa kazi hii ni baada ya kuuza mahindi, kabla ya mvua za Novemba. Fedha ipo, na mbolea haijaanza kusafirishwa. Asiyeweza kulipa vyote aanze na tairodi endi zilizolegea na kuongeza oili, kwani hizo hazihitaji kutoa boksi.

Kwa anayekodi

Mkulima asiye na gari naye ana haki ya kuuliza. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haimruhusu mtu kuendesha gari bovu barabarani, na ajali ikitokea mzigo unaomwagika ni wa mkulima. Kabla ya kupakia, omba kwa heshima: "Kaka, hebu zungusha usukani kidogo tuone." Tazama gurudumu la mbele. Kama usukani unazunguka sana na tairi limetulia, au tairi limelika upande mmoja, tafuta gari lingine, hata kama nauli yake imezidi kidogo. Magunia 20 ya mahindi ni jasho la msimu mzima.