VIJANA WA NCHI JIRANI NA USUGU WA DAWA



Katika nchi jirani ya Kenya, wanafunzi wa vyuo wamejitwika kazi isiyo na sifa kubwa. Kupitia chama kiitwacho Students Against Superbugs Africa, wanawaelimisha wenzao na wananchi kwamba dawa za kuua bakteria, zile ambazo mitaani kwetu watu huziita "rangi mbili", zinapoteza nguvu. Hapa nyumbani nako vijana wataalamu wa dawa wanafanya kazi kama hiyo kupitia Roll Back Antimicrobial Resistance Initiative.

Hoja yao ni nyepesi kueleweka. Kila dawa hizo zinapotumika, bakteria dhaifu hufa. Wachache wenye kinga hubaki, wakazaana, na hata kuwagawia bakteria wa jamii nyingine silaha yao ya kujikinga. Kwa hiyo kidonge kinachomezwa kwa ajili ya mafua, ugonjwa unaoletwa na virusi na usiosikia dawa hizi hata kidogo, ni mafunzo ya bure kwa adui. Vivyo hivyo nusu dozi iliyonunuliwa kwa sababu fedha zilikuwa pungufu.

Askari ana sababu yake mwenyewe ya kusikiliza. Mwaka 1944, majeshi yaliyotua Normandy yalikuwa na penisilini ya kutosha kuwatibu majeruhi, na wengi ambao katika vita vya awali wangekufa kwa vidonda kuoza walirudi makwao wakiwa hai. Mwaka uliofuata Alexander Fleming, aliyeigundua dawa hiyo mwaka 1928, alionya katika hotuba yake ya Nobel kwamba mtu akitumia kiasi kidogo mno atawafundisha vijidudu kuihimili. Haikuchukua muda mrefu. Mwaka 1976 kulitangazwa kisonono chenye uwezo wa kuivunja penisilini, kikihusishwa na Asia ya Kusini-Mashariki na Afrika ya Magharibi. Leo penisilini si tena tiba ya kutegemewa ya ugonjwa huo.

Kisonono tumekitaja kwa makusudi. Ni ugonjwa ambao mtu huona haya kumweleza tabibu wa kikosi, akaenda duka la dawa jioni akiwa amevaa kiraia, akataja jina la dawa aliyoisikia kwa rafiki.

Uchunguzi wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kutokana na bakteria sugu, na kwamba usugu huo ulihusika katika vifo milioni 4.95. Kusini mwa Sahara ndiko mzigo ulikokuwa mzito zaidi. Septemba 2024 mataifa yalikubaliana mjini New York kupunguza vifo hivyo kwa asilimia 10 ifikapo mwaka 2030.

Serikali ya Kenya ilikuwa na mpango wa kitaifa tangu mwaka 2017. Lakini mpango uliomo ofisini haumfikii mama anayempa mtoto dawa iliyosalia kabatini, wala mfugaji anayechanganya dawa katika maji ya kuku na kuuza mayai asubuhi yake. Hapo ndipo kijana anapofaa: anakaa nyumba moja na mama huyo, na anazungumza lugha yake.

Hata hivyo, tusiwabebeshe vijana hawa mzigo usio wao. Mgonjwa aliyeelimishwa, akikuta zahanati haina kipimo wala dawa, atarudi dukani tu. Na muuzaji anayetoa vidonge bila cheti cha daktari hazuiwi na hotuba ya mwanafunzi. Huyo ni wa wakaguzi, na pengine wa baadhi yenu mnaotusikiliza.

Kila mwaka, kuanzia tarehe 18 hadi 24 Novemba, dunia huadhimisha wiki ya suala hili. Maduka ya dawa yaliyo jirani na makambi na vituo vya polisi hayatakosa wateja wiki hiyo pia.