Lualaba: Shu ya Bruxelles inaweza kuzaa Nzilo, ikipandwa kwa wakati wake

Shu ya Bruxelles ni mboga ya baridi. Vishu vyake vidogo vinajipanga kwenye shina moja refu, na joto likizidi, vinafunguka majani na kuwa vichungu. Je, inaweza kuzaa Nzilo, karibu na Kolwezi?

Ndiyo, kwa sababu eneo hili liko juu kutoka usawa wa bahari. Mwezi wa 6 na wa 7, katikati ya kipwa, usiku kuna baridi kali. Mmea unahitaji miezi mine hadi mitano, kwa hiyo mbegu ziingie kitaluni mwisho wa mwezi wa 2, na miche ihamishwe mwanzo wa mwezi wa 4. Mwenye kuchelewa atakutana na joto la mwezi wa 9.

Udongo mwekundu wenye asidi unahitaji chokaa au majivu, pamoja na samadi iliyooza.

Shida kubwa ni maji. Wakati wa kipwa mvua haipo, na bustani inategemea mto au kisima. Katika eneo hili la migodi, hilo si jambo dogo: watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walikuta shaba na kobalti katika mboga za bustani za Lubumbashi. Metali iliyoingia ndani ya jani haitoki kwa kuosha. Kabla ya kununua mbegu, ujue kwanza maji yako yanapita wapi.