Kabla ya Kuilaumu Redio

Mteja akileta pikapu nimfungie redio ya upepo, huwa anawahi kunionyesha boksi la redio. Mimi namwomba kwanza afungue boneti. Nataka kuiona betri, temino zake, na ule mkanda wa ethi unaotoka kwenye betri kwenda kwenye bodi na injini. Redio itasubiri. Kazi yangu ni umeme wa magari, hapa Unga Limited, Arusha, na gari nyingi zinazoletwa kwangu kwa malalamiko ya "redio mbovu" redio zake ni nzima kabisa. Kibovu ni waya, au antena, au ethi, au vyote vitatu.

Watu wa mjini huniuliza nani bado anahangaika na redio hizi wakati kila mtu ana simu. Waulize madereva wanaopeleka mboga, mitungi ya gesi na wageni kwenye kambi za Ndutu na Seronera. Hifadhi ya Serengeti peke yake ina kilomita za mraba 14,763, na minara ya simu haijafika kila bonde. Halafu simu ni ya watu wawili. Ukikwama kwenye tope la udongo mweusi usiku, hutaki kupiga namba moja moja. Unabonyeza kitufe mara moja na kila mwenye redio aliye karibu anakusikia.

Hapo kwenye "aliye karibu" ndipo wengi wanapodanganyika. Redio za VHF, ambazo ndizo nyingi kwenye magari ya utalii, mawimbi yake husafiri karibu na mstari ulionyooka. Antena ya kwenye paa la pikapu, tuseme mita 2 kutoka ardhini, inaona upeo wa kilomita 6 hivi. Gari mbili kwenye uwanda mtupu zitasikilizana vizuri kwa kilomita 10 hadi 12, kisha sauti inaanza kukatika. Shuka ndani ya kreta ya Ngorongoro, ambayo kuta zake zina urefu wa mita 600 hivi, na aliye nje ya kreta anaweza kukukosa kabisa hata kama hayuko mbali. Dawa yake ni ripita: mtambo uliowekwa juu ya kilima, unaopokea sauti yako kwa masafa fulani na kuirusha upya kwa masafa mengine. Ripita iliyoinuka mita 100 juu ya uwanda huweza kukufikisha kilomita 45 na zaidi. Wanaotaka kuongea mamia ya kilomita bila ripita hutumia HF, yenye zile antena ndefu zinazofungwa kwenye bampa la mbele, lakini hiyo ni kazi nyingine na bei nyingine.

Nasema haya mapema kwa sababu mteja akishaambiwa na muuzaji kwamba redio yake ni "ya wati 50", anadhani amenunua umbali. Wati zinasaidia. Antena iliyokaa mahali pake inasaidia zaidi.

Turudi kwenye betri. Pikapu nyingi ni za volti 12, na redio hizi zimetengenezwa kwa volti 13.8, ambayo ni kama volti ya gari ikiwa inaunguruma. Lakini baadhi ya Land Cruiser za dizeli zilizokuja kutoka Japani ni za volti 24, zenye betri mbili zilizounganishwa mfululizo. Hizo napima kwanza kwa mita, hata kama mwenye gari anaapa kwamba ni 12. Njia ya mkato ambayo mafundi wengi huitumia ni kuchukua volti 12 kutoka kwenye betri moja kati ya mbili. Redio itafanya kazi, ni kweli. Ila betri moja itakuwa inaliwa kila siku na mwenzake haliwi, na chaji ya gari haijui tofauti yao: moja itakuwa na njaa, nyingine itachemshwa na chaji iliyozidi. Baada ya muda unanunua betri mbili. Kigeuzi cha kushusha volti 24 kuwa 12 kinagharimu chini ya hapo.

Swali linalonifikia karibu kila wiki ni hili: "Fundi, si uchomeke tu kwenye soketi ya sigara?"

"Kaka, ile ni ya kuchajia simu."

Siyo dharau. Redio ikiwa inapokea tu inakula umeme mdogo, chini ya ampea 1 kwa kawaida. Ukibonyeza kuongea kwa wati 50, inavuta ampea 10 hadi 12 kwa mpigo. Waya wa soketi ni mwembamba, umezunguka dashibodi nzima, na fyuzi yake mara nyingi inagawana na vitu vingine. Ndiyo maana dereva anakuja akishangaa: anawasikia wenzake safi kabisa, lakini akibonyeza tu, taa za redio zinafifia na inazima. Anasema redio imekufa, kumbe imekosa volti.

Hesabu yake si ngumu. Kutoka kwenye betri hadi chini ya kiti cha dereva ni kama mita 4; kwenda na kurudi ni 8. Ukitumia waya wa milimita za mraba 1.5, ule wa taa za nyumbani, kwa ampea 12 unapoteza volti 1 na zaidi njiani. Ukitumia wa 6, unapoteza chini ya 0.3. Gari ikiwa imezimwa na betri iko 12.4, ile volti moja ndiyo inayoamua kama utasikika au hutasikika. Na waya wa nyumbani una ubaya mwingine: ndani ni ujiti mmoja mgumu. Mpitishe huyo dereva barabara ya vumbi yenye mawimbi kutoka Ngorongoro kushuka lango la Naabi, mtikisiko utaukata waya ndani ya ganda lake, na kwa nje huoni kitu. Waya wa gari ni wa nyuzi nyingi nyembamba.

Nyuzi zenyewe nazikwangua kwa kisu kabla ya kulipa dukani. Sokoni kuna waya wa alumini uliopakwa shaba kwa juu. Unang'aa vizuri, bei yake nzuri, hata uzito wake ni mzuri kubeba. Ukikwangua, chini kunatokea weupe. Huo hupitisha umeme kwa taabu kuliko shaba ya unene uleule, na ukiupiga risasi au kuubana kwenye temino hautulii. Muuzaji akikataa nisikwangue, sinunui.

Fyuzi inakaa karibu na betri kadiri inavyowezekana, sentimita chache tu kutoka kwenye temino. Ipo kwa ajili ya kulinda waya. Redio huwa na fyuzi yake kwenye mkia wake, na watu wanaona hiyo inatosha. Lakini waya unaopita kwenye bati linalotenga injini na kebini ukichubuka pale na kugusa bodi, ile fyuzi ya ndani haioni chochote. Waya wote wa kabla yake unawaka, na betri haina huruma. Kwa hiyo tundu la kupitishia lazima liwe na mpira. Mara nyingi sitoboi jipya. Natafuta ule mpira mkubwa wa kiwandani unaopitisha nyaya za gari, natoboa kijitundu pembeni, napitisha wangu hapo.

Sasa waya wa hasi, ambao ndio unaodharauliwa kuliko wote. Stata ya dizeli inavuta mamia ya ampea, na umeme huo wote unarudi kwenye betri kupitia ule mkanda wa ethi. Mkanda ukilika na kutu, au bolti yake ikilegea, umeme unatafuta njia nyingine. Kama umeunganisha hasi ya redio moja kwa moja kwenye temino ya betri, basi umeupa njia: unapanda kupitia bodi, unaingia kwenye ganda la redio au kwenye kebo ya antena, unashuka kwa kiwaya chako hadi betri. Nimefungua dashibodi ya Hilux moja nikakuta waya wa hasi umeyeyuka mwanzo hadi mwisho, wakati fyuzi ya chanya iko nzima, inakutazama. Mwenye gari alikuwa analalamika kwamba gari inawaka kwa shida asubuhi; hakuna aliyehusisha mambo hayo mawili. Mimi naifunga hasi kwenye bodi, kwenye bolti ileile ambayo mkanda wa betri unashikia, nikiwa nimekwangua rangi hadi bati jeupe. Gari za miaka ya karibuni zenye kihisi juu ya temino ya hasi nazo zinataka hivyohivyo, ili kihisi kihesabu umeme wote unaotoka. Mteja aking'ang'ania betri, basi na hasi inawekewa fyuzi.

Antena ndiyo inayoleta ugomvi, kwa sababu mahali pake pazuri ni katikati ya paa la kebini, na hapo panatakiwa kutobolewa. Kwa masafa ya megahezi 150, wimbi lina urefu wa mita 2, na antena ya robo wimbi ni sentimita 50 kasoro kidogo. Nusu nyingine ya antena ni bati la paa lenyewe. Ndiyo sababu ukiibandika kwenye pembe ya gari, sauti inakwenda vizuri upande mmoja na upande mwingine inakuwa kilema. Tundu ni la milimita 19. Nashusha kitambaa cha dari kupitia taa ya ndani, natoboa, nakwangua rangi upande wa chini ambako meno ya kishikio yanauma bati, na ukingo wa tundu naupaka rangi ya kuzuia kutu. Antena ya sumaku haihitaji tundu, lakini vumbi linaingia chini yake na kusaga rangi, na tawi la kwanza la mgunga linaondoka nayo.

Wengine wanataka niifunge nyuma, kwenye vyuma vya bodi ya mizigo. Inawezekana, ila kumbuka kwamba bodi ya pikapu na kebini ni vitu viwili tofauti vilivyokalia chesesi, na kebini imekalia mipira. Kwa mawimbi ya redio hivyo si bati moja. Nafunga mkanda mpana na mfupi wa shaba iliyosukwa kati yake, vinginevyo redio inakuwa na kelele zisizoeleweka. Na nyuma kule kuna jambo lisilo la ufundi: pikapu zetu zinabeba watu. Mtu aliyeegemea antena wakati dereva anaongea kwa wati 50 anachomwa na mawimbi bila kuona. Mita 1 ya nafasi naitaka, na kama haipatikani, antena inarudi mbele.

Kebo ya antena ni ya omu 50. Ya televisheni, ambayo kila duka linayo, ni ya omu 75, na viunganishi vyake si vya kazi hii. Nikimaliza, naweka mita ya SWR kati ya redio na antena. Ikisoma 1.5, mawimbi yanayorudishwa ni kama asilimia 4, sina neno. Ikisoma 3, robo ya nguvu inarudi kwenye redio, na redio nyingi zitaanza kujipunguza zenyewe ili zisiungue.

Kelele za hewani siku hizi nazikuta kwenye taa za LED za bei rahisi na vichaji vya USB kuliko kwenye injini. Injini ya dizeli haina plagi za kurusha cheche. Mteja anasema hasikii mtu usiku. Nazima ile taa ndefu aliyofunga juu ya bampa, sauti zinarudi.

Kibali cha masafa si kazi yangu, lakini sifungi redio ya mtu asiyekuwa nacho. Hapa Tanzania kinatoka TCRA, na masafa yanapangwa ili usije ukamwingilia askari au gari la wagonjwa.

Mwisho tunajaribu: injini imezimwa, injini inaunguruma, taa zote zimewashwa, waipa zinafanya kazi, kisha dereva anaondoka kuelekea Ngaramtoni huku tukiitana hadi tupotezane. Akirudi namwonyesha fyuzi ya akiba, ampea 15, niliyoifunga kwa tepu kando ya ile iliyoko kazini. Ikikatika, aweke hiyo. Ikikatika tena asiweke ya 30, asisokote karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Azime redio, arudishe gari hapa.